Darubini na Pipa la Taka

Forodhani, Unguja, jioni. Mwanafunzi kutoka Dodoma ameiacha darubini yake ukutani, kando ya pipa la taka, akaenda kununua urojo.

DARUBINI: Shikamoo, mzee Pipa.

PIPA: Marahaba, mwanangu. Mbona unahema?

DARUBINI: Nimemwona ndege mgeni! Kunguru, lakini siye wa kwetu. Wa kwetu kapanda hewani, kifua cheupe pe, na weupe umemzunguka hadi kisogoni. Huyu mwembamba, shingo na kifua vya kijivu, uso mweusi ti.

PIPA: Yupi? Huyu aliyenikalia kichwani?

DARUBINI: Usitikisike, ataruka!

PIPA: Aruke aende wapi, na chakula kimo humu? Huyo kunguru wa India. Wakubwa wa Kiingereza walimleta miaka ya 1890 asafishe mji.

DARUBINI: Ukasafika?

PIPA: Mimi nipo hapa kwa nini?

KUNGURU: (mdomo umejaa chipsi) Yakhe, mgeni nani? Ukoo wangu wote umeanguliwa hapa. Pipa kashushwa bandarini juzi, plastiki ingali inanuka!

DARUBINI: Sasa nikuandike wapi? Orodha yangu ina wenyeji na wahamiaji. Mhamiaji huja na msimu, akaondoka na msimu.

PIPA: Huyo msimu wa kuondoka haujui. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 waliwatega, wakawawekea na sumu, wakafa kwa maelfu. Kampeni ikalala. Waliobaki wakaendelea kutaga, mimi nikaendelea kujazwa.

KUNGURU: Na Kenya, mwaka 2024, serikali ilitangaza kuwaua wenzetu milioni moja. Milioni! Hesabu wanaijua sana. Kifuniko cha Pipa ndicho kinachowashinda.

PIPA: Kiling'oka zamani. Nimeahidiwa kingine, bajeti ikipita.

DARUBINI: Na ndege wadogo? Tangu asubuhi natafuta kiota cha mnana chenye kifaranga.

KUNGURU: Vifaranga vya mnana vitamu, ila havishibishi.

DARUBINI: Umekiri mwenyewe! Nitakupa ukurasa mzima: alama zako, sauti yako, na uliowala.

Mwanafunzi anarudi na bakuli. Anaivaa darubini shingoni, anatazama juu ya pipa kwa jicho moja, anafunga daftari.

MWANAFUNZI: Twende zetu. Hapa hakuna ndege, makunguru tu.

KUNGURU: Umemsikia bosi wako?

Akamwachia mwanafunzi urojo, akaondoka na bajia.