Nipe Namba Moja! Ipi?

Mtu anayetafuta nyumba Buyenzi, mjini Bujumbura, hapotei kirahisi. Avenyu zina namba, na akiambiwa nyumba iko ya kumi na saba anahesabu tu. Akichanganyikiwa, kuna fundi kalala chini ya gari, atatoa kichwa amwelekeze kwa spana. Akivuka na kuingia Jabe, upande wa Bwiza, atakuta Kiswahili kilekile na majirani wanaojua nani kaoa wapi na nani anadaiwa. Hapo ndipo pa kumweka msomaji wetu, kijana wa kubuni lakini wa aina inayojulikana mtaani: ana rundo la katuni za mashujaa ndani ya katoni ya sabuni, nyingine za Kifaransa, nyingine za Kiingereza, na swali moja linalomnyima usingizi. Aanzie wapi?

Makala haya hayatamjibu. Yamekuja kumpa hongera.

Kusifu kisichosifika ni kazi ya zamani. Lucian alimsifu nzi, Synesius akausifu upara, na mwaka 1511 Erasmus akachapisha kitabu kizima cha kuusifu upumbavu. Wote walijichagulia kazi nyepesi. Nzi ana mabawa, upara unang'aa, upumbavu una wafuasi kila mtaa. Mpangilio wa kusoma katuni za mashujaa hauna bawa wala mng'ao, na wafuasi wake hawaelewani hata wao kwa wao.

Chukua The Amazing Spider-Man. Namba 1 ina tarehe ya Machi 1963. Mfululizo ukaenda bila makuu hadi namba 441, mwaka 1998, kisha wachapishaji wake, Marvel, wakaufunga na mwanzoni mwa 1999 wakaanza tena na namba 1. Sababu ni ya sokoni: namba 1 huuzika, kwani mgeni haogopi kuinunua na mkusanyaji huamini kwamba ameshika mali. Walipofika 58 mtu fulani akakumbuka kwamba 441 na 58 ni 499. Wakatia moja, na toleo lililofuata, mwishoni mwa 2003, likaitwa 500. Hesabu ni sahihi kabisa, mwalimu wa darasa la tatu angeipigia tiki. Tatizo ni kwamba baada ya 58 inakuja 500. Wakafika 700 mwaka 2012, mfululizo ukakatwa, ukarudi na namba 1 mwaka 2014, namba 1 nyingine mwaka 2015, ukaruka ghafla hadi 789 mwaka 2017, ukashuka tena kwenye namba 1 mwaka 2018, na tena mwaka 2022. Kwa hiyo kijana wa Jabe akimwambia muuzaji, "Nipe namba moja!", muuzaji ana haki kamili ya kumuuliza, "Ipi?"

Burundi ndiyo nchi ambayo ingepaswa kuumizwa zaidi na mambo haya, maana hapa namba huingia mpaka kwenye jina la mtu. Mtoto wa saba ataitwa Nyandwi, wa nane Minani, wa tisa Nyabenda, wa kumi Bucumi. Pacha aliyetangulia ni Bukuru, mwenzake ni Butoyi, na anayewafuata tumboni ni Ciza. Ukikutana na Ciza njiani huna haja ya kuuliza nini kilitoka kabla yake. Sasa mfikirie mama wa ukoo wa Spider-Man: ana wanawe kadhaa ambao wote kawaita Wa Kwanza, na aliyezaliwa wa hamsini na tisa kamwita Wa Mia Tano. Ni ukoo wa hovyo, lakini vikao vyake havichoshi.

Hata suala la nani mkubwa kwa nani, Burundi au Spider-Man, halina jibu fupi. Burundi ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962. Spider-Man alijitokeza mara ya kwanza katika Amazing Fantasy namba 15, na jalada linasema Agosti 1962. Basi Burundi ni kaka mtu kwa mwezi mmoja. Ila wachapaji wa Marekani walikuwa na desturi ya kuandika tarehe ya mbele ili muuzaji asiliondoe jarida rafuni mapema, na toleo hilo lilikuwa limeshaanza kuuzwa mwezi Juni. Basi Spider-Man ndiye kaka. Angekuwapo mpangilio mmoja ulionyooka, watu wangesoma tarehe, wakafunga mjadala na kwenda kulala saa mbili usiku.

Katoni ya kijana wetu ilizidishiwa baraka na mji wa Lyon. Huko Ufaransa, wachapishaji wa Lug walianza kutafsiri katuni za Marvel mwaka 1969 katika jarida la Fantask, ambalo lilizimwa baada ya matoleo saba kwa shinikizo la waliosimamia machapisho ya watoto. Januari 1970 likaja Strange, likadumu miaka mingi. Strange lilikuwa na namba zake lenyewe, zisizojuana na zile za Marekani, na ndani yake mashujaa mbalimbali walikaa kama abiria wa Hiace moja: kila mmoja katokea kwake, kila mmoja anashuka kwake, na safari ya yeyote kati yao inakatika njiani ikisubiri mwezi ujao. Picha zilizoonekana kali zilifutwa au kuchorwa upya. Majina nayo yakapewa uraia wa Kifaransa. Spider-Man akawa L'Araignée, Storm akawa Tornade, na Wolverine akawa Serval, yaani mondo, yule paka wa porini mwenye madoa.

Mletee kijana huyo binamu yake kutoka Nairobi, aliyesoma zilezile kwa Kiingereza. Watabishana kuanzia alasiri hadi adhana ya magharibi nani zaidi, Serval au Wolverine. Huyu atataja makucha, yule atataja makucha. Huyu hasira, yule hasira. Huyu kidonda kinachojifunga chenyewe, na yule atasema hata wake ni hivyohivyo. Hakuna atakayeshindwa, kwa kuwa wanayemgombea ni mtu mmoja. Ugomvi usio na mshindi wala majeruhi ni mali adimu katika mji wowote.

Kuna pia utamu wa kiporo. Mfululizo wa The X-Men ulianza Septemba 1963, na kuanzia namba 67 hadi 93, yaani tangu mwisho wa 1970 hadi 1975, haukuwa na hadithi mpya hata moja. Wachapishaji walichukua za zamani wakazichapa upya chini ya namba mpya. Mtu mwenye 66 na 94 mkononi anaweza kuhangaika miaka akitafuta matoleo 27 ya katikati, auze simu, aandikie jamaa zake wa Ubelgiji, ayapate, ayafungue kwa mikono inayotetemeka, akute anayo tayari. Watu wa mwambao hawatamcheka. Wanajua chai ya asubuhi inavyoshuka na wali wa jana.

Aliyefungua mlango baada ya viporo hivyo ni mtu wa kwetu, kwa hiyo hapa inafaa kutulia kidogo. Katika Giant-Size X-Men namba 1, ya mwaka 1975, Profesa Xavier, mkuu wa X-Men, anafika Kenya na kumkuta Ororo, mwanamke anayetiiwa na mvua na kuabudiwa na wanakijiji. Ndiye Storm. Mama yake ni Mkenya, baba yake Mmarekani mpiga picha. Toleo lenyewe limekaa nje ya foleni: si la 93, si la 94, ni namba 1 peke yake, na asiyelisoma haielewi 94. Mwaka uliofuata, X-Men 102 ikarudi nyuma na kusema kwamba Ororo alizaliwa New York, akapelekwa Cairo, na huko wazazi wake wakafa ndege ilipoiangukia nyumba yao wakati wa vita vya Suez. Toleo la 117, la Januari 1979, likafichua kwamba profesa huyohuyo aliwahi kuchomolewa pochi na Ororo alipokuwa mtoto wa mitaani Cairo. Kumbe ule mkutano wa kwanza wa Kenya haukuwa wa kwanza. Mwaka 1980 Marvel Team-Up 100 ikaongeza kwamba akiwa binti mdogo alishakutana na T'Challa, mwana wa mfalme wa Wakanda. Mwaka 2006 mwandishi Eric Jerome Dickey akausimulia mkutano huohuo upya, kwa namna nyingine, na mwaka huohuo wawili hao wakaoana. Mwaka 2012 ndoa ikabatilishwa.

Ziweke habari hizi mbele ya shangazi yeyote wa Jabe aliyewahi kusimamia posa. Ataanza na umri. Vita vya Suez vilikuwa mwaka 1956. Tuseme binti alikuwa na miaka mitano tu. Basi ndoa inavunjika akiwa na miaka sitini na mmoja, na kwenye picha hana kunyanzi wala mvi zaidi ya zile nywele nyeupe alizozaliwa nazo. Shangazi ataelezwa kwamba saa ya katuni hutembea polepole kuliko saa ya watu, na kwamba vita vya zamani huachwa kutajwa kwa jina kadiri miaka inavyopita. Atatikisa kichwa. Kisha atauliza lile ambalo hakuna toleo lililolijibu kwa ukamilifu: ng'ombe wa mahari walipokelewa na nani, ukoo wa mama Kenya au wa baba Marekani, na ndoa ilipobatilishwa walirudishwa?

Anayedhani mvurugo huu umekuja na meli kutoka New York hajamkumbuka Fumo Liyongo, shujaa wa mwambao. Huyo hapenyeki kwa silaha, isipokuwa sindano ya shaba kitovuni. Siri yake inatolewa na mwanawe mwenyewe. Anakufa kapiga goti kisimani, mshale upindeni, na watu wanakaa siku kadhaa na kiu wakidhani yu hai. Sasa jaribu kumpanga. Utendi wake mashuhuri uliandikwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Askofu Edward Steere alikuwa ameshachapa habari zake mwaka 1870. Nyimbo zinazosemwa kuwa alizitunga mwenyewe zinahesabiwa kuwa kongwe kuliko vyote viwili, na wataalamu waliojaribu kumpa tarehe wamepishana kwa karne kadhaa. Bibi wa Lamu aliyetaka kumsimulia mjukuu kifo cha Liyongo hakumwambia asubiri kwanza lipatikane toleo la kuzaliwa kwake.

Marvel wenyewe waliujua udhaifu wao na wakaugeuza mtaji. Katika miaka ya 1960 wahariri wao walizoea kuweka kinyota pembeni ya maneno ya mhusika, na chini ya picha kumwelekeza msomaji kwenye toleo fulani la zamani. Kinyota kidogo hivi, lakini kimewatembeza watu mji mzima. Na msomaji aliyegundua kosa katika mfuatano, kisha akabuni maelezo ya kuthibitisha kwamba si kosa, alituzwa kwa bahasha rasmi yenye maandishi ya fahari. Ndani ya bahasha hapakuwa na kitu. Watu waliisubiri kwa hamu, wakaitunza, na wapo wanaoitunza hadi leo.

Waganga wa ugonjwa huu wamejitokeza pia. Mwaka 1985 kampuni ya DC, ya Superman na Batman, ilitoa Crisis on Infinite Earths, matoleo kumi na mawili ya kuziunganisha dunia zake zote nyingi ziwe moja ili msomaji apumzike. Matokeo yake sasa kuna matoleo kumi na mawili zaidi ya kusoma kabla ya kusoma. Mwaka 2011 wakajaribu tena, wakaanzisha mifululizo 52 kwa pamoja, yote namba 1. Mganga makini kuliko wote alikuwa Powerman, shujaa aliyechorwa Uingereza kwa ajili ya soko la Nigeria mwaka 1975, wachoraji wake wakiwamo Dave Gibbons na Brian Bolland. Humo kila picha ukurasani ilipewa namba, ili msomaji wa Lagos ajue jicho liende wapi. Kwa Lagos, mji unaojua kupita penye magari elfu bila taa za barabarani, ilikuwa heshima ya ajabu kidogo. Tintin wa Wabelgiji hahitaji uganga: albamu 24, na nyingi zinasomeka popote unapofungua. Ni mtoto mwema. Nani amewahi kukesha kwa ajili ya mtoto mwema?

Na kuna jambo moja ambalo sifa zote hizi zimekuwa zikilizunguka. Kitu chochote kinachotoka New York hufika Jabe kimechelewa, kimepungua au kimeshavaliwa na mwingine, na mtu wa Jabe amezoea kudhani kwamba huko kwenye chimbuko wenzake wanakipata kizima. Katuni za mashujaa peke yake zinamtoa wasiwasi. Tajiri wa Manhattan mwenye matoleo yote kabatini, kila moja kwenye mfuko wake wa nailoni, naye anasimama mbele ya kabati akijiuliza aanzie wapi. Filamu hazikumsaidia: Captain America anayepigana vita vya miaka ya 1940 alifika sinema mwaka 2011, miaka mitatu baada ya Iron Man, na walioingia kwa mlango wa Black Panther mwaka 2018 walikuta karamu imeshafika nusu. Mtazamaji wa Bujumbura anayeangalia filamu za agasobanuye angalau ana msimuliaji anayemwambia huyu ni nani na amemkosea nini yule. Tajiri hana hata huyo.

Chini kabisa ya katoni ya sabuni kuna Strange moja lisilo na jalada. Kwa hiyo halina namba, halina mwezi, halina mwaka. Kurasa tano za mwanzo zimeng'olewa, na ya sita inaanza na mtu anayening'inia kwenye ukingo wa ghorofa kwa vidole vitatu. Mdogo wake kijana, Butoyi, amesogea mkekani na anataka kujua yule ni nani na kafikaje pale. Kijana anaukunjua ukurasa kwa kiganja, anakohoa kidogo, na anaanza kusoma kwa sauti kutoka kidole cha tatu.