Mawe Yana Kivuli, Mimi Sina

Ukitaka kuheshimiwa Malta, zaliwa jiwe. Mahekalu ya Ħaġar Qim na Mnajdra yana zaidi ya miaka 5,000 yakitazama bahari; jua na upepo wa chumvi vimeshazoeana nayo. Hata hivyo, mwaka 2009 kila moja lilitandikiwa hema kubwa jeupe, ati mvua na jua visizidi kulila. Haya. Mimi niliyekuja juzi kwa ndege ya bei chee ninashuka karibu nusu kilomita kutoka hekalu moja hadi jingine, utosi unachemka, na njiani hakuna mti wa maana. Kurudi ni mlima. Na ukifika hemani, penye kivuli cha kweli, pa kukalia ni yale mawe tu, na kuyakalia ni marufuku.

Makaburi ya chini ya ardhi ya Ħal Saflieni ndiyo yaliyonimaliza. Yamechongwa kwenye mwamba, ghorofa tatu kwenda chini, na mafundi waliyagundua mwaka 1902 wakichimba matangi ya maji. Wanaingia watu 10 tu kwa saa, kwa sababu pumzi zetu zinayadhuru, kwa hiyo tiketi huisha wiki nyingi kabla. Joto na unyevu vinapimwa humo usiku na mchana. Hotelini kwetu kiyoyozi kilikuwa kinakohoa tu.

Tukaenda kwenye mahekalu ya Tarxien. Pale pana sanamu ya mtu mnene aliyevaa sketi, imebaki kuanzia kiunoni kwenda chini. Nimeipiga picha weee, ndipo nikasoma kibao: ni nakala, yenyewe iko makumbusho Valletta. Yaani nimelipa kiingilio kutazama nusu ya nakala.

Mke wangu, Mama Salma, hachoki; akataka mahekalu mengine. Kwenye mahekalu ya Ġgantija, kisiwani Gozo, kuna mawe yanayosemwa yanazidi tani 50, na wenyeji walisimulia kwamba aliyeyabeba ni Sansuna, jitu la kike lililokula maharage na asali, mtoto begani.

“Umesikia, Baba Salma? Maharage tu, na mtoto juu. Wewe una chupa ya maji, unahema.”

Nikanyamaza. Jitu lenyewe halikupanda basi la Gozo likiwa limesimama tangu kituo cha kwanza.

Jambo moja lilinifurahisha: feri ya kutoka Ċirkewwa hulipi ukienda Gozo, unalipa ukirudi. Nikamwambia mke wangu, basi tusirudi, tutaokoa nauli.

“Vizuri,” akasema, akifungua ramani. “Maana mabaki ya hekalu la Santa Verna hatujayaona, na ni hapo tu.”


Hapo tu, kwa miguu, saa saba mchana.