Upweke Haupatikani Longisa

Sisi watu wa Longisa hatuna udugu na bahari. Hata mito yetu imeipa Bahari ya Hindi kisogo: Nyangores na Amala hukutana ikawa Mto Mara, Mara ukamwaga maji Ziwa Viktoria, nalo likayakabidhi kwa Nile yapelekwe Mediterania. Hofu ya kilindi, basi, ilinibidi niinunue. Inaitwa Subnautica, mchezo wa kompyuta uliokamilishwa mwaka 2018 na kampuni ya Unknown Worlds ya Marekani. Mchezoni, wewe umeanguka kutoka angani kwenye sayari iliyojaa maji. Kazi yako ni kutokufa.

Huko juu ni raha tupu, matumbawe na samaki wa rangi. Balaa liko chini, mahali paitwapo Lost River, mto unaopita ndani ya bahari. Si porojo kabisa: hata chini ya Bahari ya Shamu kuna maji yaliyokolea chumvi, mazito kiasi cha kutuama sakafuni peke yake. Mchezoni maji hayo ni ya kijani, yanafuka, na kando yake imelala mifupa ya mnyama ambaye fuvu lake lingemeza matatu pamoja na kondakta. Halafu linapita joka la urefu wa makumi ya mita, mwili wake unang'aa, linalia. Bunduki huna. Mbunifu wa mchezo, Charlie Cleveland, alikataa kuziweka baada ya mauaji ya shule ya Sandy Hook mwaka 2012. Una kisu, tochi na upweke.

Upweke ndio hasa wanaouuza. Nao ndio usiopatikana Longisa.

Usiku mmoja nilizima taa ili niogope vizuri. Nilipolikaribia lile fuvu, mlango ukafunguka. Shangazi, na birika.

"Mbona giza? Tokeni za stima zimeisha?"

"Niko chini ya bahari, shangazi."

"Na huko hawanywi chai?" Akaketi, akaitazama ile mifupa kwa huruma ya mfugaji. "Huyo alikufa na ukame ama ugonjwa?"

Nani ataogopa tena mbele ya swali hilo?

Siku nyingine pumzi iliniishia kilindini, na sauti ya mchezo ikaanza kutangaza oksijeni. Jirani yetu ni muuguzi, alikuwa amelala baada ya zamu ya usiku. Neno hilo humwamsha muuguzi upesi kuliko jina lake mwenyewe. Aliingia na ndara moja, akiuliza mgonjwa yuko wapi. Nikamwonyesha kioo cha kompyuta.

"Sasa unangoja nini? Mpandishe juu!"

Nikampandisha. Sista hakuondoka mpaka alipohakikisha anapumua.

Halafu ikaja siku ambayo stima ilipotea nikiwa mita 800 chini, joka likinijia uso kwa uso. Kompyuta, ambayo betri yake ilikufa zamani, ikazima. Giza, kimya. Nikasema leo ndiyo leo, hofu yenyewe imefika. Mara nikasikia ng'ambo ya ua: "Kwenu iko?" Boma la tatu likajibu haiko, la nne likauliza nani ana kiberiti, nikawasha tochi, na punde chumba changu kikajaa watu waliofuata mwanga wake.

Lile joka likipotea njia likatokea Longisa, halitamtisha mtu. Litapewa kiti na chai, liulizwe ni la ukoo gani, na ni nani amelifanya lilie hivyo.