YAH: Maombi ya Kuuziwa Picha ya Gari

Mkurugenzi Mtendaji,
Soko la Magari la Mtandaoni (mnajijua),
Dar es Salaam.

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Awali ya yote nikupongeze kwa ile tiki ya kijani. Imekaa vizuri pembeni ya jina la muuzaji, na maneno "Muuzaji Aliyethibitishwa" yanasomeka hata kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Naomba tu kufahamishwa ni kitu gani hasa mlichothibitisha. Kama mmethibitisha kwamba muuzaji ana simu, hatuna ubishi. Huwa anaipokea mlio wa kwanza, mpaka pesa iingie. Kama mmethibitisha kwamba amelipia tangazo lake likae juu ya mengine, basi andikeni hivyo hivyo: "Muuzaji Aliyetulipa". Tiki ibaki na rangi yake, hatutaki kuwatia gharama.

Nakuandikia kuhusu ile Toyota IST ya rangi ya silva. Unaifahamu, ni mkazi wa kudumu hapo kwenu. Mwanzoni mwa mwaka ilikuwa Mbagala, mmiliki mmoja, dada wa benki, inakwenda kazini na kanisani tu. Baada ya Pasaka ikahamia Goba kwa daktari anayekwenda masomoni Uturuki. Sasa hivi ipo Tunduma: iliagizwa na mfanyabiashara wa Lubumbashi ambaye kwa bahati mbaya ametangulia mbele za haki, na familia inataka hela ya haraka. Picha ni zilezile. Pakiti ya tishu iliyolala juu ya dashibodi haijasogea hata sentimita moja, kutoka Mbagala mpaka mpaka wa Zambia. Hakika hilo ni gari tulivu.

Tangazo linasema ni ya mwaka 2012. Umbo ni lile la kwanza, ambalo Toyota waliacha kulitengeneza 2007, na kijana yeyote anayeosha magari angeweza kuwaambia hivyo kwa bei ya soda. Kilomita 41,000. Bei milioni nne na laki nane, maongezi yapo, wakati IST ya umbo hilohilo kwenye yadi za Kinondoni usipokuwa na mara mbili ya hapo dalali hata haachi kula karanga zake. Kisha kuna picha ya nne. Kwenye picha ya nne usukani uko kushoto. Gari hilo Wamarekani waliuziwa kwa jina la Scion xA, usukani kushoto, kwa hiyo picha ina kwao. Na ukichungulia kwenye dirisha la nyuma, nje kuna theluji. Mbagala.

Nimebofya "Ripoti tangazo hili". Jibu lenu huja kwa kasi ambayo huduma nyingine za nchi hii zingepaswa kuiga: "Asante kwa taarifa yako. Tumelipitia tangazo na hatukubaini ukiukwaji wa kanuni zetu. Kumbuka: usitume pesa kabla ya kuliona gari." Nikiripoti Mbagala, jibu hilo. Goba, jibu hilo. Nimeliripoti na Tunduma, na nimekumbushwa kwa mara nyingine kuwa mwangalifu.

Mimi! Anayeuza gari lenye theluji hamjamwambia awe mwangalifu. Ndiyo maana naleta maombi.

Ombi langu kuu: naomba kuuziwa picha. Kwa kuwa katika biashara yote hii kitu pekee ambacho kila mtu amekiona kwa macho yake ni picha, soko lenu lianze sasa kuuza picha rasmi, kwa bei elekezi na risiti. Niko tayari kulipa. Ichapishwe kwenye turubai, kwa ukubwa wa gari lenyewe, ubavu wa kulia kwa sababu ndio wenye afya. Nitaitundika ukutani uani, upande wa kivuli, rangi isipauke. Jumamosi nitaitoa vumbi kwa kitambaa chenye maji, redio ikiwa imewashwa, kama mtu mwenye gari. Majirani watapita na kusema, "Jirani, umevuta ndinga!" nami nitasema tunamshukuru Mungu, ni juhudi ndogondogo.

Fikiria faida zake, Mkurugenzi. Picha hainywi mafuta. Trafiki hawezi kuisimamisha Ubungo kuulizia mtungi wa kuzimia moto. Haitaki stika ya bima, wala ile ya Wiki ya Nenda kwa Usalama. Fundi hawezi kukuambia kwamba tatizo si plagi, tatizo ni injini nzima. Shemeji akiomba gari la kumpeleka bibi harusi saluni, naikunja, anaibeba begani, anairudisha jioni bila mkwaruzo. Naomba pia nipewe kadi ya picha: jina la mmiliki, rangi, idadi ya pikseli mahali pa ukubwa wa injini, na kwenye namba ya chasisi mwandike namba ya tangazo. Nikiichoka nitaiuza hapohapo kwenu: mmiliki mmoja, imekaa ukutani tu, haijawahi kugongwa. Hilo litakuwa tangazo la kwanza la kweli kwenye ukurasa wenu.

Sharti langu ni moja. Nikishalipa, picha iwe yangu. Isionekane jioni ileile inauzwa kwa mtu wa Mwanza.

Maana hapo ndipo mnapotuzidi, na hapo naomba univumilie nitoke kidogo kwenye lugha ya barua. Kuna mama kwenye kikundi chetu cha kuweka na kukopa anayepikia mafundi ujenzi. Alichukua mkopo amnunulie mwanawe gari afanye teksi. Akaiona IST ya Tunduma, akaona na tiki. Akatuma laki tano ya kushikilia gari, kwa sababu kulikuwa na mteja mwingine njiani kutoka Mbeya. Jina lililotokea kwenye simu halikuwa la muuzaji. Akaambiwa huyo ndiye mhasibu wa familia. Kisha maegesho ya mpakani. Kisha bima ya safari. Kisha simu haipatikani. Alipofika ofisini kwenu, kijana wa mapokezi alimuuliza: "Mama, kwani hukusoma maonyo?" Alisoma. Alisoma onyo na akaisoma tiki, na tiki ni kubwa kuliko onyo, na ukubwa wa vyote viwili mliupanga ninyi. Pesa ya kulipandisha tangazo lile juu mliichukua ninyi. Yeye marejesho anayatoa kila Jumatatu. Hata hiyo picha hakupewa. Kesho yake ilikuwa imepanda laki mbili.

Samahani. Narudi kwenye maombi.

Naomba kile kidole gumba kinachoziba namba ya gari kwenye kila picha kitambuliwe rasmi kuwa mfanyakazi wenu. Sisi wengine tulipanga foleni kutoa alama za vidole ili laini zetu zisizimwe. Mwisho ukasogezwa mpaka tarehe 20 Januari 2020, na bado watu walikesha. Taifa likahangaika hivyo kumjua mwenye kidole, nanyi kidole chenyewe mnacho, kimepigwa picha mchana kweupe. Kinaziba kwa sababu zake. Namba ya gari ikionekana, mnunuzi ataiandika kwenye mfumo wa polisi wa faini za barabarani aone inavyodaiwa, ataiandika kwenye mfumo wa bima aone stika ni ya gari gani, kisha ataomba kadi waende wote TRA kujua jina la mmiliki ni la nani. Hayo anaweza mama lishe mwenye simu. Ninyi wenye ofisi ya ghorofa ya tano hamjaweza hata kumwambia muuzaji atoe kidole.

Naomba pia mtujulishe mapema theluji itakapoanguka tena Mbagala, tununue makoti.

Naomba kukutanishwa na yule daktari. Magari yote mazuri ya jiji hili ni ya kwake, na kila siku anasafiri.

Naomba mtuambie ni lini namba ya muuzaji ikiripotiwa mtaondoa na tangazo lake. Tuliambiwa namba za matapeli tuzitume 15040, tunazituma. Lakini laini ikifungwa, kwenu namba hubadilishwa tu, na gari linaendelea kung'aa palepale, tiki haijatikisika.

Na kama maombi yote haya ni mazito, mkatae yote mchukue hili la mwisho, ambalo halina utani ndani yake: muuzaji asipewe tiki mpaka apige picha ya gari, namba ikiwa wazi, na karatasi yenye tarehe ya siku hiyo juu ya boneti. Karatasi moja. Mwenye gari atapiga kwa dakika mbili. Asiye na gari atashindwa, na ninyi mtakosa ada yake. Naelewa kwamba hapo ndipo kikao kitakapoanza kuwa kirefu.

Nitashukuru kupata majibu. Ila yasije na yale maneno ya kuwa mwangalifu.

Nikiwa nafunga barua hii, gari limehamia Kahama. Ni la mchimbaji aliyepata dharura. Nimeripoti.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mnunuzi Asiyethibitishwa