Heko kwa Tairi Kipara

Mtwara haipungukiwi na vya kusifiwa. Korosho inasifiwa bungeni, gesi ya Mnazi Bay inasifiwa majukwaani, vinyago vya Wamakonde vinasifiwa mpaka Ulaya, na pweza wa Mikindani anasifiwa na kila aliyemtafuna. Tairi kipara, ambalo limewabeba wote hao kwa zamu, halijaimbiwa hata ubeti mmoja. Jua likiwaka linasahauliwa, mvua ikinyesha linalaaniwa. Ni haki lisifiwe walau mara moja, tena kwa utaratibu: ukoo kwanza, malezi baadaye, kisha vitendo.

Ukoo wake ni wa hapa hapa. Miaka ya 1870 na 1880, mpira wa mwituni ulikuwa ukigemwa kutoka kwenye mitambaazi ya misitu ya Umakonde na bonde la Ruvuma, ukafungwa madonge, ukashushwa Mikindani na Lindi na kupakiwa majahazini kwenda Unguja. Kule mbele, ujuzi wa Charles Goodyear, aliyegundua mwaka 1839 namna ya kuimarisha mpira kwa kuupika na salfa, ulikuwa tayari unaungojea. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo mjini Belfast, akapata hataza ya tairi la upepo. Kwa hiyo tairi linaposhushwa Mtwara leo likitokea China au Japani, lisionekane mgeni. Limerudi kwa wajomba.

Nchi ilikuwa na kiwanda chake pia. General Tyre cha Arusha kilianza kuzalisha mwaka 1971 na kikasimama mwaka 2009. Baada ya hapo tairi likawa jambo la meli na la mtumba, na hapo ndipo malezi ya kipara yanapoanza.

Kuna makundi mawili. La kwanza ni matairi yanayofika yakiwa yamefungwa kwenye magari ya mtumba kutoka Japani, na baadhi yake ni matairi ya theluji. Mpira wake umetengenezwa ubaki laini kwenye baridi kali. Ukikutana na lami ya Mtwara saa saba mchana unalika kama sabuni. La pili ni matairi yanayozeeka bila kuisha. Kashata zake za kushikia barabara zimesimama vizuri, yamepakwa dawa yakang'aa, lakini ukucha ukikandamizwa kwenye mpira hauingii. Ubavuni kuna tarakimu nne ambazo muuzaji hana haraka ya kuzionyesha: 2315, kwa mfano, maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2015. Tairi hilo lina nywele lakini moyoni ni kipara. Limestaafu huko lilikotoka na huku limepata mkataba mpya.

Tairi jipya la gari dogo huwa na kina cha milimita 8 hivi. Ulaya hulifukuza kazi likifika milimita 1.6. Mtwara, milimita 1.6 ni cheo cha kati.

Kinacholikweza zaidi ni kalenda. Mkoa huu hauna vuli na masika zinazopokezana kama Tanga au Dar es Salaam. Mvua yake ni ya msimu mmoja, huanza Novemba au Desemba na kukoma Aprili au Mei. Kinachobaki ni kiangazi, na kiangazi ni msimu wa ushahidi. Tairi lililoisha linakwenda Masasi na kurudi, linakwenda Nangurukuru na kurudi. Fundi pancha akishauri libadilishwe, dereva anamjibu kwa swali moja: mbona linakwenda?

Na kitaalamu dereva hajakosea. Kwenye lami kavu mifereji ya tairi ni mapengo tu. Kinachoshika barabara ni mpira unaoigusa, na kipara kinagusa kwa mwili mzima. Ndiyo sababu magari ya Formula 1 hukimbia kwa matairi yasiyo na mfereji hata mmoja. Yaliingia mashindanoni mwaka 1971, yakapigwa marufuku mwaka 1998, yakarudishwa mwaka 2009, mwaka ule ule General Tyre iliposimama. Tofauti iliyopo ni ya utumishi. Mvua ikianza, magari yale huingia pembeni, kundi zima la mafundi linayarukia, na baada ya sekunde chache yamevaa matairi ya mvua. Watengenezaji wake, Pirelli, wanasema kila moja linaweza kuondoa lita 85 za maji kwa sekunde gari likiwa kwenye mwendo wa kilomita 300 kwa saa. Noah ya abiria ya Tandahimba haina kundi la mafundi. Ina kondakta mmoja, na kondakta yuko dirishani anadai nauli.

Kisha inakuja mvua ya kwanza. Vumbi la miezi sita, mafuta yaliyodondoka kutoka kwenye malori ya saruji na ya makaa ya mawe, na unga wa mpira ulioachwa na kila gari lililopita, vyote vinaloana pamoja na kuwa utelezi juu ya lami. Hatari ni dakika zile za mwanzo, kabla maji hayajaosha barabara. Manyunyu ya Novemba yanaweza kulisereresha gari pale ambapo mvua kubwa ya Machi imelipitisha salama. Pa kushuhudia ni Mikindani, barabara kuu inapopinda kuufuata ufuo wa ghuba. Dereva anakanyaga breki taratibu. Usukani unakuwa mwepesi, mwepesi kuliko ulivyopaswa kuwa. Kitako cha gari kinataka kutangulia. Kiti cha nyuma, "Yesu!" na "Lahaula!" zinatoka kwa pumzi moja, na tairi kipara linakuwa limewaunganisha waumini wa dini mbili kwa kasi ambayo hakuna kamati ya amani iliyowahi kuifikia.

Sayansi ya tairi kuelea juu ya maji ina miaka mingi. Mwaka 1963 Walter Horne, mtafiti wa NASA nchini Marekani, pamoja na mwenzake, walichapisha kanuni inayotumika hadi leo: mwendo ambao maji huliinua tairi kutoka barabarani unategemea hasa upepo ulio ndani yake. Lenye upepo wa psi 30 huinuliwa likiwa na mwendo wa kilomita 90 kwa saa hivi. Lenye 15 huinuliwa kwenye kilomita 65. Lakini lazima kwanza maji yazidi uwezo wa mifereji kuyatoa. Tairi jipya linahitaji dimbwi la kutosha. Kipara hakina makuu, utando mwembamba wa maji unakitosha.

Hapa Msimbati inaingia kwenye hesabu. Njia ya kuelekea ufuo wa Ruvula ni ya mchanga, na kwenye mchanga tairi kipara ni mfalme. Kashata kali huchimba, gari likazama mpaka kwenye ekseli. Kipara kinapapasa juu juu na kupita. Madereva wanaoujua ufuo huo hupunguza upepo ili tairi litanuke, na hapo kipara kilicholegea huwapita wenye magari ya fahari waliokwama wakiomba koleo. Sifa hii ni ya kweli, haina hata chembe ya chumvi. Taabu inaanza jioni, wingu likitanda kutoka upande wa Msumbiji, gari limekwisharudi kwenye lami na hakuna aliyekumbuka kurudisha upepo. Basi limewekewa kikomo cha kilomita 80 kwa saa. Kwa kanuni ya Horne, gari la Msimbati linaweza kuwa limeanza safari ya majini kabla ya kufika hapo.

Kwenye uwanda wa Makonde tairi kipara linapata sifa nyingine, ile ya usawa. Kati ya Mtwara na Newala kupitia Nanyamba na Tandahimba, kilomita 50 za mwanzo, hadi Mnivata, ndizo zilizotangulia kupata lami. Penye udongo mwekundu uliolowa, kashata za tairi jipya la barabara kuu hujaa tope, na baada ya mita chache jipya na kuukuu yanafanana. Mwenye tairi jipya amelipa mamilioni ili asimame pamoja na mwenzake ambaye hakulipa kitu. Abiria wanashuka, wanavua viatu, wanasukuma, wanaulizana majina. Wazee wanaokumbuka kipande cha barabara cha Ndundu hadi Somanga kabla ya lami wanajua kwamba undugu mwingi wa kusini ulianzia kwenye tope. Na mwanzoni mwa Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoleta mvua iliyokata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara, mabasi yenye matairi ya jana na malori yenye matairi ya zamani yalipanga foleni moja.

Nani basi anayelilea tairi kipara mpaka likafikia utukufu huu? Ni korosho. Minada ya stakabadhi ghalani huanza Oktoba, mzigo ukipitia vyama vya ushirika kama MAMCU na TANECU, na fedha huwafikia wakulima katika majuma yale yale ambayo mbingu inaanza kufunga. Mkulima akilipwa, mwenye bodaboda, mwenye Noah na mwenye duka wamelipwa. Kabla ya hapo, Agosti na Septemba, mji unaishi kwa ahadi, na tairi ni mojawapo: "Subiri msimu." Msimu ukifika, gari lina mzigo wa magunia usiku na mchana na halina nafasi ya kupigwa jeki. Mwaka 2018 serikali iliamua kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, malori ya jeshi yakaja kuzibeba, na malipo ya wakulima wengi yakasogea mpaka mwaka uliofuata. Si vigumu kukisia ni matairi mangapi yaliongezewa mkataba msimu ule.

Asiyeweza kusubiri huenda kwa mchongaji. Umakonde ni nchi ya wachongaji, na kipara nacho kina wake: anapasha kisu moto, anakipitisha kwenye mpira uliobaki, na mifereji mipya inatokea palipokuwa laini. Yapo matairi ya malori yaliyotengenezwa yakiwa na mpira wa ziada kwa kazi hiyo, nayo yameandikwa hivyo ubavuni. Tairi la gari dogo halina mpira huo. Kisu kinakaribia nyuzi, na tairi linapata sura ya ujana huku ngozi imebaki ya karatasi. Trafiki akiinama kwa mbali anaona mistari, anapunga mkono. Akisogea karibu na kupapasa, serikali inapata shilingi 30,000, na hivyo kipara hakiwezi kulaumiwa kwamba hakichangii pato la taifa.

Hata kustaafu hakukimalizi. Tyubu yake ya ndani inakatwa kamba za kufungia mzigo nyuma ya bodaboda ziendazo Kilambo, panapovukiwa kwenda Msumbiji. Tairi lenyewe linapelekwa kwa fundi wa katambuga, analipasua kwa kisu, anapima mguu kwa macho, anapigilia mikanda kwa misumari mifupi. Mteja wa katambuga ni mtu makini kwelikweli. Anakiinua kiatu, anakigeuza, anapitisha kidole gumba kwenye soli kutafuta kashata, kwa sababu shambani kuna tope na yeye hataki kuanguka. Akikuta soli laini anairudisha na kuomba nyingine. Akishapata anayoitaka analipa, anavaa, anavuka barabara mpaka stendi na kupanda Noah ya kwanza inayoondoka, bila kulitupia jicho hata gurudumu moja.