Kope ya Fedha

Kope ya juu inayolegea hadi kufunika mboni ya jicho huwa na hitilafu ya ngozi, ya msuli au ya neva, na bei ya kuirekebisha ng'ambo hutegemea sana hitilafu yenyewe. Ngozi iliyozidi kwa sababu ya umri hukatwa na kushonwa. Msuli unaoinua kope ukilegea, daktari huukaza au kuufupisha. Ikiwa kasoro ni ya neva, kisu husubiri kwanza chanzo kijulikane. Mtaani Fedha, Embakasi, ipo pia kope ya mtu aliyelala saa saba usiku akaamka saa kumi kuiwahi foleni ya Outering Road. Hiyo haipasuliwi popote duniani.

Mwenye kope iliyolegea kwa hitilafu huanza kulipa kabla hajamwona daktari. Makanga humtikisa bega kila kituo akidhani amesinzia. Mhubiri humsema kanisani bila kumtaja jina, ila huku akimtazama yeye. Ghali zaidi ni harambee: keki ikinadiwa na kope ikashuka, mnadi huhesabu kuwa amekonyeza, na kwa hiyo amepandisha bei kwa elfu mbili.

Hapo ndipo wazo la ng'ambo huingia. Chama cha madaktari wa upasuaji wa urembo cha Marekani kimetaja wastani wa dola 3,359 kwa kope za juu. Dola ikiwa shilingi 129, hizo ni karibu shilingi 430,000, na ni ada ya daktari peke yake. Ganzi na chumba cha upasuaji hulipiwa kando. Uingereza, katika hospitali za kibinafsi, hutajwa pauni 2,000 hadi 6,000. Fedha ni jina la mtaa tu, kwa hiyo macho hugeukia India, ambako Wakenya wengi wamekwenda kutibiwa figo, moyo na saratani. Bei ya kisu huko ni nafuu, na unafuu huo ndio unaomponza msafiri, kwa sababu humfanya asihesabu vingine.

Pasipoti ya kurasa 34 ni shilingi 7,550. Viza ya matibabu ina bei yake, na ya msindikizaji yake. Chanjo ya homa ya manjano huchomwa angalau siku 10 kabla ya kufika; anayetua India bila kadi yake anaweza kutengwa hadi siku 6, akilindwa vizuri kuliko kope yenyewe. Halafu kuna huyo msindikizaji, ambaye haumwi popote lakini anapanda ndege, analala hotelini na anakula mara tatu kwa siku. Nyuzi hutolewa kati ya siku ya 5 na ya 7 hivi, kwa hiyo wote wawili hungoja. Wakati huo kundi la kuchangia safari hiyo, lililoanza kwa maombi ya uponyaji, limeanza kutuma vipimo vya sari na rangi za bangili. Mahali pekee pa kubana matumizi ni nauli ya kwenda uwanjani: ndege za JKIA hunguruma juu ya paa za Fedha, na mgonjwa hulipa pesa nyingi kupaa juu ya kamba yake ya kuanikia nguo.

Kurudi nako kuna mambo. Uso huwa umevimba na kuvilia damu, na jirani anayefungua geti huuliza kwa sauti ya chini kama aripoti polisi. Lakini kituko kikubwa kina sheria yake, iliyopewa jina la Mjerumani Ewald Hering: ubongo hutuma amri sawa kwa kope zote mbili. Kope mbovu inapoinuliwa, amri hupungua, na ile iliyokuwa nzima inaweza kushuka. Mtu huondoka na kope ya kushoto imelala, akarudi na ya kulia. Marekebisho ya pili hayakuwamo katika bajeti, na michango miwili kwa uso mmoja huwachosha watu.

Bima nayo haisaidii safari hiyo: mamlaka ya afya ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, hugharimia ng'ambo matibabu yasiyopatikana nchini tu. Ya kope yanapatikana. Hospitali ya Kenyatta ipo, hospitali ya macho ya Lions iko Loresho, na PCEA Kikuyu ina kitengo cha macho kinachojulikana nchi nzima. Wasiotaka kisu hutengenezewa miwani yenye kiwaya kidogo kinachoinua kope. Kope iliyoshuka ghafla, pamoja na maumivu ya kichwa au kuona vitu viwili viwili, haingoji viza wala harambee. Hupelekwa hospitalini siku hiyo hiyo. Nyingine zote zinaweza kuanzia Kikuyu, ambako kutoka Fedha ni matatu mbili: moja hadi mjini, nyingine hadi Kikuyu.