Nimeomba Chumvi, Nimepewa Krispi

Hili duka la programu lililomo kwenye kompyuta yangu ya mezani limesheheni kila kitu. Balaa linaanza pale unapouliza kitu.

Chukua "pdf". Mtu anayeandika herufi hizo kwenye kisanduku cha kutafutia ana shida moja tu: ana faili, anataka kulisoma. Kwangu lilikuwa fomu ya shule ya mtoto, na mama yake amesimama nyuma ya kiti changu. Duka likatanguliza programu ya kuandikia nota za muziki, eti kwa kuwa mwishoni mwa maelezo yake imetajwa kwamba nota zinaweza kuhifadhiwa kama PDF. Ikafuata ya kutengenezea ankara. Kisha mchezo.

"Baba Neema, tunaimba au tunajaza fomu?"

Okular, ambayo kusoma nyaraka ndiyo kazi yake, ilikuwa imesukumwa huko chini. Kosa lake ni jina: halina p, halina d, halina f.

Mangi wa mtaani kwetu hajasomea kompyuta, lakini ukimwomba chumvi hakupi krispi kwa kuwa pakiti imeandikwa chumvi.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba dawa ipo siku nyingi. Mwaka 1972, Karen Spärck Jones wa Uingereza alishaeleza kuwa neno adimu lipewe uzito kuliko neno lililozagaa kila mahali. "Rahisi" na "haraka" yamo kwenye maelezo ya kila programu, yatasaidia nini? Baadaye Stephen Robertson na wenzake wakaja na kanuni ya BM25, ambayo haidanganyiki: kurudia neno mara 20 hakukupi alama mara 20, na maelezo marefu hayashindi kwa urefu wake. Kilichobaki ni adabu ya kawaida: neno likiwa kwenye jina la programu lipewe alama nyingi, likiwa kwenye maneno msingi zipungue kidogo, likiwa limejificha kwenye aya ya tano ya maelezo lipewe za kufutia machozi. Zikifungana, itangulie inayopakuliwa na watu wengi.

Lakini wapi! Andika "VLC", ile programu ya kuchezea video: jina kamili, herufi tatu, hakuna utata. Unaletewa kwanza rimoti ya kuiongoza VLC. Ya kuongozwa yenyewe uitafute kwa macho.

Na watengenezaji wa programu nao wasijifanye hawamo. Wamewekewa mahali pa kujaza maneno msingi, yale ambayo mtu wa kawaida angeandika akiwa na shida. Wanapaacha patupu, halafu wanatuandikia aya tatu za kujisifu kuhusu "muonekano wa kisasa".

Tukija kwenye tahajia, ndiyo usiseme. Kitufe cha "a" kwenye kibodi yangu kina mgomo wake, kwa hiyo nilipotafuta Inkscape, programu ya kuchorea, ikatoka "Inkscpe". Tangu 1965 Mrusi Vladimir Levenshtein ametuachia namna ya kupima maneno mawili yametofautiana kwa herufi ngapi. Hapa ni moja! Hata mtoto wa chekechea angeniuliza, "Ulikuwa unamaanisha Inkscape?" Duka likanijibu: hakuna matokeo, jaribu maneno mengine.

Maneno mengine ninayo, tena mengi. Ila mhariri wa safu hii hayapitishi.